Tamthilia ya wakopeshaji ianzie Yanonge

Siku ambayo umeme unakubali, ukipita jioni katika mitaa ya Makiso au Mangobo hapa Kisangani utawakuta watu wazima, wenye shughuli zao za alfajiri, wamekaa mbele ya skrini wakifuatilia ugomvi wa wenye benki wa Florence wa karibu miaka 600 iliyopita. Tamthilia ya Medici ilianza kuonyeshwa na televisheni ya Rai 1 ya Italia mwaka 2016, msimu wake wa tatu ukatoka mwaka 2019, na kwetu imeingia kwa flashi na simu, ikiwa imetiwa sauti za Kifaransa. Nimeifuatilia yote. Naipenda, na kwa kuwa naipenda nina neno nayo.

Kinachonivuta ni ujasiri wa waandishi wake, Frank Spotnitz na Nicholas Meyer, wa kuifanya benki iwe uwanja wa hadithi. Giovanni di Bicci de' Medici, anayeigizwa na Dustin Hoffman, alifungua benki yake mwaka 1397. Mwanawe Cosimo alifukuzwa mjini mwaka 1433 na mahasimu wa ukoo wa Albizzi, na mwaka uliofuata akarudi na nguvu kuliko alizoondoka nazo. Kisha akaja Lorenzo, mjukuu wa Cosimo, na hasimu wake Jacopo de' Pazzi, ambaye Sean Bean amemwigiza kwa chuki tulivu inayotisha kuliko upanga. Mwaka 1474 Papa Sixtus IV aliwanyang'anya Medici kazi ya kushika hesabu zake akawapa Pazzi. Tarehe 26 Aprili 1478, katikati ya misa ndani ya kanisa kuu la Florence, watu wa njama ya Pazzi wakamchoma Giuliano, ndugu yake Lorenzo, mpaka akafa. Lorenzo mwenyewe aliponea chupuchupu na jeraha la shingo. Tamthilia inabuni mengi, na kisa cha Giovanni kulishwa sumu hakina ushahidi wowote katika historia ya kifo chake cha mwaka 1429, lakini hili moja imelishika vizuri: kwamba daftari la hesabu linaweza kuua.

Ninacholalamikia ni kwamba katika vipindi vyote hivyo deni linabaki mezani. Tunamwona anayekopesha. Tunamwona mfalme au Papa anayekopa. Tunaona karatasi, mihuri, na vijana wazuri waliovaa mahameli. Anayelipa hatumwoni. Florini ya dhahabu, iliyoanza kupigwa Florence mwaka 1252, ilitokana kwa sehemu na dhahabu iliyovuka jangwa la Sahara kutoka Afrika Magharibi, na wachimbaji wake hawana hata kivuli kwenye skrini. Mwaka 1472 mji wa Volterra uliporwa na jeshi lililokodiwa na Florence kwa sababu ya ugomvi wa machimbo ya shabu, madini ambayo Medici walikuwa wamejiingiza sana katika biashara yake. Kama tamthilia ingekuwa yangu, kamera ingekaa Volterra msimu mzima.

Sisi wa mto huu tunayo hadithi ya namna hiyo, kubwa kuliko ya Florence, na bado haijapata tamthilia ya hadhi yake. Ina familia mbili za matajiri walioshindana, ina Sultani mwenye madeni, ina bwana wa misafara aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, ina mfalme wa Ulaya aliyeweka msitu wetu rehani. Siku moja mtu ataitengeneza. Nina hofu kwamba ataianzia Zanzibar, kwenye baraza la Sultani na milango ya nakshi, kama Medici inavyoanzia kwenye marumaru. Mimi nasema ianzie Yanonge.

Yanonge iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kama kilomita 60 chini ya Kisangani, katika eneo la Isangi. Ni mji wa soko. Walokele wanaufikia kwa mitumbwi na boti za injini, wakileta samaki wabichi na wa moshi. Wambole wanatoka msituni kwa miguu na kwa baiskeli, wakileta mpunga, mihogo, mawese na magunia ya makala. Mwenye haraka ya kufika mjini anapanda pikipiki mpaka Lubunga kisha anavuka mto. Pale bandarini hakuna jumba la kupendeza kamera. Lakini karne moja na nusu iliyopita, mikopo iliyotolewa Zanzibar, zaidi ya kilomita 1,500 mashariki, ilikuja kulipwa katika kingo hizi hizi, na waliolipa hawakuwa wamekopa hata shanga moja.

Tuanze na wakopeshaji, maana nao ni watu na hadithi yao ni tamu. Familia zote mbili zilitoka pwani moja, Kutch, magharibi mwa India. Ya kwanza ni nyumba ya Jairam Shivji, Mabaniani wa Kibhatia. Tangu miaka ya 1830 nyumba hiyo ilikodi forodha ya Zanzibar. Kila mwaka ilimlipa Sultani kiasi walichokubaliana, ikajikusanyia ushuru yenyewe, na kilichozidi kikawa chake. Mwenye forodha alijua kila robota la merikani lililoteremshwa na kila pembe ya ndovu iliyopakiwa. Sultani alipopungukiwa alikopa kwa huyo huyo aliyemkodishia. Sayyid Majid alipofariki Oktoba 1870, deni lake kwa nyumba ya Jairam lilikuwa limepita riali laki tano. Ndugu yake, Sayyid Barghash, alipokalia kiti alisita kulitambua. Wapenzi wa Medici, hebu lipigeni picha onyesho hilo: Ludha Damji, mzee aliyeisimamia nyumba ya Jairam pale Zanzibar kwa miaka mingi, anaingia kwa mtawala mpya na madai ya marehemu mkononi, na mtawala mpya anajua kwamba pato lake lote linapitia mikono ya mzee huyu.

Familia ya pili ni ya Taria Topan, Khoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Lakhpat, Kutch hiyo hiyo, aliyefika Zanzibar akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Alipanda ngazi moja moja. Alifanya biashara na Wamarekani wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakileta nguo za merikani na kurudi na pembe ambazo huko Connecticut zilikatwa kuwa funguo za piano na vitana. Mwaka 1876 aliwanyang'anya akina Jairam forodha, na miaka minne baadaye wao wakairudisha. Malkia Victoria alimtunuku cheo cha heshima mwaka 1890, na mwaka uliofuata akafariki. Lile jengo la zahanati ya zamani kule Mizingani, lenye baraza za mbao zilizochongwa, ambalo kila mgeni wa Zanzibar anasimama kulipiga picha, ni yeye aliyelianzisha mwaka 1887. Waliolipiga picha ni wengi. Sijui ni wangapi kati yao waliowahi kusikia Yanonge ikitajwa.

Mkopo wenyewe ulikwendaje? Bwana wa msafara hakupewa fedha. Alipewa bidhaa: merikani, kaniki, ushanga, masango ya shaba, bunduki na baruti. Alikubali kwa maandishi kwamba baada ya miaka miwili au mitatu atarudisha thamani yake kwa pembe, zikihesabiwa kwa frasila, yaani kama kilo 16. Bidhaa ya mkopo ilihesabiwa kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na humo ndani ya bei ndimo faida ya mkopeshaji ilimofichwa. Wenye benki wa Florence walificha ya kwao ndani ya hati za kubadilisha fedha za mji mmoja kwa za mji mwingine, kwa kuwa Kanisa lilikataza riba kama Uislamu unavyoikataza. Mtu akitaka kufananisha dunia hizi mbili aanzie hapo, kwenye ufundi wa kuficha riba, kabla ya kufika kwenye majumba na visu.

Aliyeshindwa kulipa hakurudi pwani. Wako waliozeekea Tabora, Ujiji na Manyema kwa sababu kule Zanzibar walikuwa wakisubiriwa na mdai. Hili halisemwi vya kutosha tunapojiuliza kwa nini Kiswahili na Uislamu viliota mizizi mpaka Nyangwe, Kasongo na Kisangani. Tunataja biashara, tunataja dini, tunataja ushujaa wa safari. Hofu ya deni nayo ilijenga miji. Na ilisukuma misafara mbele, maana kila mwaka tembo walikuwa wamepungua nyuma, na daftari la Zanzibar halikupungua.

Ndani ya mpango huo ndipo alipokulia Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar kwenye mwaka 1837. Mwaka 1867 alimshinda Nsama wa Itahwa, kusini mwa ziwa Tanganyika, akateka pembe nyingi kiasi kwamba jina lake likaanza kuaminika madukani. Taria Topan alimkopesha bidhaa kwa wingi, na kuanzia hapo wawili hawa walifungamana hadi uzee. Mwaka 1876 Tippu Tip alikubaliana na mvumbuzi Stanley kumsindikiza kutoka Manyema kushuka mto kwa ahadi ya riali 5,000, na ingawa aliachana naye njiani, njia ya maji ilikuwa imekwisha kujulikana. Aliporudi Zanzibar mwaka 1882 na shehena yake, akachukua bidhaa mpya na kugeuza tena kuelekea bara, soko la pembe lilikuwa limehamia kwetu, kwenye Maporomoko ya hapa Kisangani na chini yake.

Alipoandika maisha yake, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, na yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, alijaza ndani yake riali na frasila: fulani alinipa kiasi hiki, nilimlipa kiasi hiki, pembe zilikuwa kiasi hiki. Wasomaji wengi wanakipenda kitabu hicho kwa vita na safari. Mimi nakisoma kama daftari la mdeni mkubwa anayetaka ulimwengu ujue kwamba hakudhulumu mtu pwani. Kwa wadai wake alikuwa mwaminifu kabisa. Uaminifu huo ndio unaonisumbua, kwa sababu najua ulikolipiwa.

Novemba 1883 Stanley, sasa akiwa mtumishi wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alipanda mto kwa stima akielekea Maporomoko. Kuanzia upande wa mlango wa mto Aruwimi alikuta vijiji vilivyoungua kimoja baada ya kingine, mitumbwi imesimamishwa wima ukingoni, watu wamekimbilia majini. Karibu na Yangambi alikuta kambi ya watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe, na ndani yake akakadiria mateka 2,300, wanawake na watoto. Stanley alikuwa na sababu zake za kuchora picha mbaya, kwa kuwa bwana wake alikuwa akitafuta ruhusa ya dunia kuichukua nchi. Lakini hakuhitaji kubuni. Walokele wenyewe waliwaita wavamizi hao Batambatamba, na jina hilo limedumu katika kumbukumbu ya mto huu. Kutoka Yangambi mpaka Yanonge ni mwendo mfupi wa kupanda maji.

Tazameni ilivyofanyika, kwa maana hapa ndipo tamthilia inapopaswa kukaa. Wavamizi wanafika alfajiri. Bunduki zinalia, nyumba zinawashwa moto, wanaume wanakimbilia msituni au mitumbwini. Wanaoshikwa ni wanawake na watoto. Kisha kunatulia, na siku chache baadaye mazungumzo yanaanza: mtoto huyu kwa pembe hii, mama huyu kwa pembe ile kubwa zaidi. Pembe ambayo babu aliizika, au iliyokuwa ngazi ya mlangoni, au iliyowekwa kaburini, inafukuliwa na kuletwa. Asiye na pembe anamwona mwanawe akifungwa kamba na kupelekwa juu ya mto. Pembe iliyokabidhiwa inaandikwa, inabebwa mpaka Nyangwe, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, inavuka bahari, inapimwa forodhani, na katika daftari la mkopeshaji mstari mmoja unafutwa. Mkopeshaji hakuwahi kumwona mama yule. Huenda alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, mwenye sadaka. Stanley mwenyewe alimsifu Taria Topan kwa uaminifu wake, na sina sababu ya kupinga sifa hiyo.

Nisingependa mtu afikiri nawasema wageni tu. Wengi katika waliobeba bunduki hizo walikuwa watoto wa Manyema na Kasai ambao wao wenyewe walikuwa wametekwa zamani. Ngongo Lutete, aliyekuwa mbabe wa kutisha kule Lomami, alikuwa mtumwa kabla ya kuwa bwana wa vita. Mlolongo wa mikopo ulikuwa na uwezo huo wa kumchukua aliyeumizwa juzi na kumfanya mkusanyaji wa leo. Wangwana wa Kisangani, ambao lugha hii ninayoiandika imetoka vinywani mwao, ni wazao wa pande zote mbili za bunduki, na mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Kisha wakaja wakopeshaji wapya. Februari 1887, pale Zanzibar, Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Maporomoko kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, dola la Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wengi wameona hapo usaliti, au ujanja. Mimi naona mfanyabiashara anayehama benki kama Papa alivyohama mwaka 1474, ila huku hakuna aliyemtangazia Taria, maana uhusiano wa zamani uliendelea pembeni. Na ushahidi wa hilo ni kesi. Desemba 1889 Stanley alirudi pwani kutoka safari ya kumwokoa Emin Pasha, akafungua madai katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar, akisema Tippu Tip hakumpa wapagazi 600 alioahidi kwa safari hiyo. Alidai pauni 10,000, na akataka zizuiwe fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake, Jaffer, wa nyumba ya Taria Topan. Fedha hizo zilikuwa malipo ya pembe ambazo Dola la Leopold lilinunua kutoka kwake.

Angalieni waliokusanyika katika kesi hiyo. Mvumbuzi anadai hasara yake. Liwali anatetea jina lake. Wakala analinda amana. Mfalme wa Ubelgiji yuko nyuma ya pazia kama mnunuzi. Kila mmoja ana karatasi yake. Pembe zenyewe, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ile, zilitoka upande wetu wa mto, na hakuna aliyeuliza zilipatikanaje. Shauri lile liliachwa baadaye. Kama nina ombi moja tu kwa mwandishi atakayeijenga tamthilia hii, ni kwamba onyesho la mahakama lichanganywe na onyesho la mateka wakikombolewa, dakika kwa dakika, bila muziki.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapita haraka. Mwaka 1891 Leopold alitoa amri ya kuhodhi pembe na mpira. Mwaka 1892 Arthur Hodister, aliyekuja na kampuni ya Kibelgiji kununua pembe palepale ambapo misafara ya Zanzibar ilikuwa ikinunua, aliuawa pamoja na wenzake kwenye mto Lualaba. Vita vikalipuka. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akafa vitani mwaka 1893. Mwezi Mei mwaka huohuo Rashid bin Mohammed, mpwa aliyeachiwa Maporomoko, akashindwa hapa hapa Kisangani. Ngongo Lutete, aliyekuwa amehamia upande wa Wabelgiji, akapigwa risasi na hao hao Wabelgiji Septemba. Kwenye vitabu vya shule tuliambiwa hiyo ni vita ya kukomesha utumwa. Ilikuwa pia vita ya nani atakusanya.

Na mkusanyaji mpya naye alikuwa mdeni. Mwaka 1895 ilijulikana kwamba Leopold alikuwa amekopa faranga milioni 5 kwa mwenye benki wa Antwerp, de Browne de Tiège, na kuweka rehani mamilioni ya hekta za msitu wa Kongo. Wanaume waliokuwa wakitega samaki na kulima migomba ndani ya msitu ule hawakujua kwamba ardhi iliyo chini ya miguu yao ilikuwa ndani ya sefu ya mtu. Mwaka 1911 Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipewa makubaliano yake ya michikichi, na mojawapo ya maeneo aliyojiwekea ni Elisabetha, leo Lokutu, chini ya Isangi, katika mkoa wetu huu wa Tshopo. Mwaka 2015 benki za maendeleo za Ulaya zilikopesha dola milioni 49 kwa Feronia, kampuni iliyoyarithi mashamba hayo. Mwaka 2018 wanavijiji wa Lokutu na wenzao walipeleka malalamiko kwa chombo cha malalamiko cha benki hizo, wakidai ardhi ya mababu. Angalau mara hii walijua jina la mkopeshaji na anwani yake. Kwa mlolongo huu hiyo ni hatua kubwa, na nawavulia kofia.

Nani anakopesha Yanonge leo? Nimemkalia karibu mnunuzi mmoja wa mpunga pale sokoni, mtu wa heshima, anayesalimia kila mama kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana daftari la shule lenye kona zilizopinda. Kila ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula: kushoto waliochukua, kulia waliorudisha. Wakati wa njaa, kabla ya mavuno, anatoa chumvi, sabuni, dawa, nguo za shule. Mpunga ukikomaa anachukua wake kwanza, kwa kopo ambalo likiwa lake linajazwa mpaka lifanye kilima, na likiwa la kuuza linasawazishwa kwa kiganja. Naye ana mdai wake Kisangani aliyempa bidhaa, na huyo wa Kisangani ana wake Butembo au Kinshasa. Walioshindwa kabisa wanakwenda kwa wale ambao nchi nzima inawaita Banque Lambert, wakopeshaji wa mtaani ambao riba yao kwa mwezi ingewashtua Pazzi. Jina hilo wengi wanalitaja bila kujua kwamba Léon Lambert wa Brussels alikuwa mwenye benki aliyemhudumia Leopold.

Simlaumu mnunuzi wa mpunga. Bila yeye watoto wengi pale wasingeingia darasani Septemba. Benki hazipo karibu, na mkulima asiye na hati ya shamba hana cha kuweka dhamana isipokuwa mavuno ambayo bado yako kwenye mashina. Akina mama wanajitahidi kwa likelemba, kila wiki mmoja anapokea, na hilo limeokoa nyumba nyingi. Lakini mama wa likelemba anakopeshana na jirani yake, na wote wawili wanamwona anayelipa. Ni umbali ndio ninaouogopa. Kadiri mkopeshaji anavyokaa mbali na mlipaji, ndivyo mambo yanavyoweza kutendeka katikati yao bila yeyote kujiona mwenye hatia.

Najua yatakayosemwa. Watasema kuanzia Yanonge ni kufukua vidonda, kwamba wapo watakaomnyooshea Mwangwana kidole, au Mhindi mwenye duka, au Mlokele aliyeuza mateka wa bara ili kukomboa wake. Mkoa huu umemwaga damu ya kikabila miaka ya karibuni, kati ya Wambole na Walengola, na hofu hiyo naichukua kwa uzito. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki hadithi iandikwe na mtu wa mbali anayetafuta adui wa kuvalishwa kilemba. Hadithi ya mkopo, ikielezwa kikamilifu, hairuhusu adui mmoja. Ukimfuata anayeshika bunduki unakuta mateka wa zamani. Ukimfuata bwana wake unakuta mdeni. Ukimfuata mdai unakuta forodha, ukiifuata forodha unakuta Sultani anayedaiwa, na ng'ambo ya bahari unakuta msichana wa Boston anayejifunza piano. Tamthilia nzuri inaweza kuwabeba wote hao. Ile ya Italia imetuthibitishia kwamba watazamaji hawakimbii hesabu, mradi hesabu zina watu.

Wengine watasema fedha za kutengeneza kitu cha namna hiyo zitatoka wapi. Zinaweza kutoka nje, kama za Medici zilivyotoka kwa zaidi ya nchi moja. Nisichokubali ni kwamba hadithi nayo itoke nje. Chuo Kikuu cha Kisangani kina idara ya historia na wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Waigizaji tunao, na lugha tunayo: Kiswahili cha Wangwana, Kilokele, Kimbole, Kilingala, na ngoma ya mti iliyokuwa ikipeleka habari za Batambatamba kutoka kijiji hadi kijiji kabla moshi haujaonekana. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliandika kuhusu ngoma hizo mwaka 1949, na wanaojua kuzipiga bado wapo ingawa ni wazee.

Kazi ya kwanza ni ndogo na haihitaji kamera kubwa. Watu wawili watatu wenye vinasa sauti waende Yanonge, Yangambi, Isangi na kwenye vijiji vya katikati, wakae na wazee, wawaulize koo zao zilikombolewa kwa kitu gani, nani alibaki, nani alipelekwa juu, nani alirudi na jina jipya. Wanakili kila jibu katika lugha ambayo lilitolewa. Waende pia kwa familia za Wangwana hapa Kisangani, wawaulize babu yao alifika akiwa nani na alikuwa anadaiwa na nani. Kisha waende kwenye nyaraka za Zanzibar, kwenye hati za wadeni na wadai, watafute upande wa pili wa majibu hayo. Mwandishi wa tamthilia aitwe baada ya hapo.